Utangulizi wa Kompyuta na Taaluma Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kabla ya muhula wa kwanza kuanza, ofisi ya mratibu wa kozi hii hapa Mtwara hupokea maswali mengi kutoka kwa waombaji, wanafunzi wapya na wazazi wao. Wengine hupiga simu kutoka Newala, Tandahimba na Nachingwea, na wengine hufika wenyewe mlangoni kwa basi la asubuhi kutoka Lindi. Maswali yanayojirudia nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo uzoefu umenionyesha kuwa jibu fupi humwacha muulizaji na dhana potofu, na kwa ufupi pale ambapo hakuna la kuongeza.

Kozi hii inafundisha nini hasa? Je, ni kozi ya kujifunza kutumia kompyuta?

Hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote, kwa hiyo nalitanguliza. Kuchapa barua, kutengeneza jedwali la hesabu, kutuma barua pepe na kupanga mafaili ni stadi tunazozifanyia mazoezi katika wiki mbili za kwanza kwa ajili ya wale ambao hawakuzipata shuleni, na baada ya hapo hatuzirudii tena.

Wiki kumi na tatu zinazobaki zinahusu kompyuta yenyewe na watu wanaoifanyia kazi. Tunajifunza jinsi mashine isiyotambua kitu zaidi ya kuwepo au kutokuwepo kwa umeme inavyoweza kuhifadhi jina la mtu, sauti yake na picha yake. Jinsi kazi kubwa inavyovunjwa kuwa hatua ndogo ndogo ambazo mashine itazifuata bila kuuliza. Na jinsi kompyuta mbili zilizo mbalimbali zinavyopeana habari. Kisha tunajifunza wajibu wa mtu anayelipwa kwa kutengeneza au kusimamia vitu hivyo, mbele ya watu ambao riziki yao inategemea kazi yake ilhali hawawezi kuona kilichomo ndani yake. Sehemu hiyo ya mwisho inachukua karibu theluthi ya kozi, na ndiyo ambayo wanafunzi wapya hawaitarajii.

Sijawahi kumiliki kompyuta. Nitaweza kufuata masomo?

Utaweza. Wanafunzi wengi tunaowapokea wamekulia kwenye simu, na wapo wanaogusa kibodi kwa mara ya kwanza humu darasani. Maabara hufunguliwa asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na kazi zote za kozi zinaweza kumalizwa humo.

Ukipata uwezo wa kununua kipakatalishi kilichotumika, usikimbilie cha bei kubwa. Chenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kinatosha kwa miaka yote ya stashahada. Kabla hujalipa, kiwashe ukiwa hapohapo dukani, kichomoe kwenye umeme, kaa nacho nusu saa uone kama betri inahimili, bonyeza kila kitufe cha kibodi, kisha dai risiti. Ukishakipata, kumbuka kwamba hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma vya ndani taratibu na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde huziba tundu za kupoozea. Kipanguse kwa kitambaa kikavu na ukifunike usipokitumia.

Alama zangu za hisabati ni ndogo. Je, nitashindwa?

Kozi hii haidai hesabu ngumu kuliko za kidato cha pili. Inachodai ni uvumilivu wa kufuata jambo hatua kwa hatua hadi mwisho bila kuruka, na uvumilivu huo nimeuona kwa wanafunzi waliopata F ya hisabati na nimeukosa kwa baadhi ya waliopata A.

Somo letu la kwanza kuhusu namba hufanyika bila kompyuta hata moja kuwashwa. Juu ya meza tunapanga vikombe vinane vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono vinavyotumiwa vibarazani, na mbele ya kila kimoja tunaandika thamani yake kwa chaki, kuanzia kushoto: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kikombe kinaweza kuwa na korosho moja au kuwa kitupu, na hakuna hali ya tatu. Mwanafunzi akitia korosho kwenye kikombe cha 64, cha 8, cha 4 na cha 1, kisha akajumlisha, anapata 77. Katika mpangilio wa herufi uitwao ASCII, uliochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1963, namba 77 inasimama mahali pa herufi kubwa M, kwa hiyo pale mezani pana M ya Mtwara. Hapo namwomba mwanafunzi aliye karibu aile ile korosho ya kikombe cha mwisho. Jumla inashuka hadi 76, na 76 ni L. Kwa korosho moja tumetoka Mtwara tukafika Lindi. Kila kikombe ni biti moja, vikombe vinane ni baiti moja, na simu iliyo mfukoni mwako ina mabilioni ya vikombe vya namna hiyo, vikijazwa na kumwagwa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Algoriti nazo tunazianza hivyo hivyo, kwa mikono. Neno lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na maana yake ni utaratibu wa hatua zinazoeleweka, zenye mwanzo na mwisho. Chukua leja ya chama cha msingi cha ushirika yenye majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Anayetafuta jina moja kwa kuanzia ukurasa wa kwanza anaweza kupitia majina yote 1,000. Anayefungua katikati, akauliza kama jina liko kabla au baada ya pale, akaachana na nusu isiyohusika na kurudia hivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, atalifikia au atajua halimo bila kuzidisha maulizo 10. Majina yakiwa 1,000,000, maulizo hayazidi 20. Mwanafunzi akishaielewa tofauti hiyo kwa kufungua leja kwa vidole vyake, hesabu zinazoieleza humjia bila kusukumwa.

Kwa nini theluthi ya kozi ya kompyuta izungumzie maadili na wajibu? Si tungejifunza kuandika programu tu?

Swali hili nalijibu kwa kosa langu mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilitengeneza programu ndogo ya kujumlisha kilo za korosho za wanachama wa chama kimoja cha msingi na kuandaa orodha ya malipo. Kila mkulima nilimtambulisha kwa majina yake matatu, nikiamini kwamba majina matatu yanatosha. Hayakutosha. Vijijini kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na mtoto wa ndugu naye akapewa lilo hilo, hivyo wazee wawili wa kijiji kimoja walilingana majina yote matatu bila kupishana hata herufi. Programu yangu iliwahesabu kuwa mtu mmoja. Kilo za wote wawili ziliingia kwenye mstari mmoja, na fedha zote zikaenda kwenye akaunti moja.

Yule aliyekosa alifika ofisini na stakabadhi zake ndani ya mfuko wa plastiki, zikiwa zimekunjwa mara nne, akazikunjua na kuzipanga mezani moja baada ya nyingine. Karani alitazama kioo cha kompyuta akamwambia kuwa mfumo unaonyesha ameshalipwa. Mzee akanigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, karatasi hizi nimezipata kwenye mizani, na mizani niliiona kwa macho yangu. Hiyo yenu nani ameiona?" Sikuwa na jibu. Nilitumia siku tatu kulitafuta kosa, na kwa siku zote hizo karani na mimi tuliiamini mashine kuliko karatasi zilizokuwa mbele yetu. Fedha zake zilipatikana, lakini mlangoni pale alikuwa ameshapita mara nne, kila mara kwa nauli ya mkopo.

Somo la kiufundi ni jepesi, nalo linafundishwa wiki ya sita: kila mtu katika hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta, apewe namba yake ambayo hakuna mwingine anayeweza kuwa nayo, na jina lake lisitumike kamwe kumtofautisha na wenzake. Somo la pili ndilo linalohitaji wiki nyingi. Nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho yule mzee hakuweza kukikagua, na mimi niliyeweza kukikagua sikuwa nimeona kuwa huo ni wajibu wangu.

Kosa la namna hiyo likiangukia taasisi isiyotaka kusikiliza, huangamiza watu kwa mamia. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1999, ofisi za posta zilifungiwa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo huo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, na wapo waliofilisika kwa kulipa deni ambalo hawakuwa nalo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa pamoja. Katika miaka hiyo yote walikuwepo wataalamu wa kompyuta waliojua kwamba mfumo una kasoro. Darasani hatuishii kusoma jinsi kasoro zilivyotokea. Tunajiuliza pia kila mmoja wa wataalamu hao angepaswa kusema nini, lini, na kwa nani.

Tunasoma vilevile habari ya Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotumika Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao walifariki. Ilibainika kwamba mwendeshaji mzoefu alipoyarekebisha maelekezo kwa haraka kwenye kibodi, sehemu mbili za programu zilipishana, moja ikiendelea na maelekezo ya zamani. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyolizuia kosa kama hilo lisimfikie mgonjwa. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yote ya usalama ikaachiwa programu. Kila mwaka hapo darasa hukaa kimya, nami siharakishi kuendelea.

Baada ya mifano hiyo ndipo tunafungua kanuni za maadili za ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947, katika toleo lake la mwaka 2018. Mtihani hauulizi namba za vifungu. Unaeleza tukio, na mtahiniwa anaandika angefanya nini na kwa sababu gani.

Je, zipo sheria za Tanzania ambazo mwanafunzi wa kompyuta lazima azijue?

Zipo, na mbili tunazisoma kwa makini. Ya kwanza ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwanafunzi anapaswa kufahamu mapema kwamba kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa mtu mwingine bila idhini ni kosa la jinai hata kama hukuchukua wala kuharibu chochote, na kwamba kusema "nilikuwa najaribu tu" hakumwokoi mtu. Majaribio ya usalama tunayafanya kwenye kompyuta za maabara tulizozitenga kwa kazi hiyo, na kwa idhini ya maandishi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hii naifundisha kwa kuanzia steshenari, kwa kuwa ndiko wanafunzi wetu wengi hupata kibarua chao cha kwanza. Fikiria kompyuta ya steshenari yoyote iliyo karibu na stendi. Kwenye kioo chake utakuta vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, matokeo ya kidato cha nne na picha za vitambulisho vya watu waliopita wiki tatu zilizopita, vyote vikiwa wazi kwa yeyote atakayechomeka flashi. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nacho. Kwa hiyo nakala moja iliyosahaulika humpa mtu asiyehusika jina, sura na tarehe ya kuzaliwa ya mteja, yaani mambo yaleyale anayoyahitaji tapeli anayetaka kujifanya yeye. Zoezi la wiki ya tisa ni kuandika utaratibu wa ukurasa mmoja wa steshenari: faili la mteja likae kwa muda gani, nani alifute, na mteja aambiwe nini kabla hajaondoka. Wapo wanafunzi waliokwenda kuubandika ukutani kazini kwao, na hilo linanifurahisha kuliko alama zozote.

Masomo yanafundishwa kwa lugha gani? Kiingereza changu si kizuri.

Vitabu na mitihani ni vya Kiingereza, kama ilivyo katika vyuo vingi nchini, na hatuwezi kukuficha hilo. Mijadala ya darasani na kazi za vikundi hufanyika kwa Kiswahili, na kila mada ina karatasi ya istilahi za lugha zote mbili.

Lakini Kiswahili katika kozi hii hakikuwekwa kwa kuwahurumia wasiojua Kiingereza. Mtaalamu wa kompyuta wa Lindi au Mtwara atatumia sehemu kubwa ya siku yake kuwaeleza watu wengine mambo: muuguzi wa zahanati, karani wa ushirika, mtendaji wa kata, mama mwenye genge anayetaka kujua kwa nini muamala wake umekwama. Asipoweza kueleza kwa Kiswahili hifadhidata ni nini, seva ni nini na kwa nini nywila isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, ujuzi wake utabaki kichwani mwake. Kwa sababu hiyo kila mwanafunzi hutoa maelezo ya dakika kumi kwa Kiswahili mbele ya msikilizaji asiyesoma kompyuta, na msikilizaji huyo ndiye anayesema ameelewa au hakuelewa.

Wala lugha yetu haikuanza jana katika kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili, na waandaaji wake walilazimika kuamua, neno kwa neno, mambo haya yaitweje. Maneno mengine yanaendelea kutafuta makao: teknolojia ya kompyuta kuiga fikra za binadamu, tunayoiita hapa kwetu akili mnemba, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wapo wanaoiita akili bandia. Mwanafunzi anayelichagua neno lake vizuri huandika programu inayoeleweka vizuri. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sioni kuwa ni bahati.

Tutajifunza lugha gani ya kuandikia programu?

Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Ni ya bure, inasomeka kwa urahisi, na inakwenda vizuri kwenye kompyuta za zamani.

Je, fani hii inamfaa binti? (Swali la wazazi.)

Inamfaa, na kihistoria ana haki nayo ya tangu mwanzo. Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha mwaka 1843 maelezo ya jinsi mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, ambayo ilikuwa haijakamilika na haikukamilika kamwe, ingeweza kufuata hatua za hesabu moja baada ya nyingine. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kielektroniki za mwanzo, ilipoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, waliokuwa wameipanga ifanye kazi walikuwa wanawake sita. Mwaka 1952 Grace Hopper alikuwa na programu yenye kazi ya kuunganisha na kutafsiri programu nyingine kwa ajili ya mashine, wazo ambalo lugha zote tunazozitumia leo zimesimama juu yake.

Najua hata hivyo kwamba mzazi anayeuliza huwa na jambo jingine moyoni, yaani binti yake kurudi usiku. Vipindi vyote vya lazima vya maabara ni vya mchana. Anayekaa mbali, kwa mfano Mikindani, anaweza kuomba zamu ya asubuhi ya mazoezi ya ziada, na ombi hilo halihitaji maelezo marefu.

Intaneti ikikatika au umeme ukikatika, masomo yanasimama?

Hayasimami. Maelezo yote ya kozi, mazoezi na programu zinazohitajika viko kwenye seva ndogo, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, iliyo ndani ya jengo letu, yenye betri ya akiba, na hupatikana bila intaneti ya nje.

Uamuzi huo tuliufanya kwa kufundishwa na matukio. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini katika mkoa wa Lindi, na magari ya Dar es Salaam yakakwama pande zote mbili. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima na katika nchi jirani. Sikuhitaji tena kutafuta mfano wa kufundishia mitandao. Habari husafiri kwenye intaneti ikiwa imekatwa vipande vidogo vilivyoandikwa anwani, na kila kipande huweza kupita njia yake, alimradi njia ipo zaidi ya moja. Daraja likiwa moja na likasombwa, hakuna werevu wa dereva utakaofikisha mzigo. Wanafunzi huchora njia ya ujumbe kutoka simu ya Shangani hapa Mtwara hadi mnara, hadi mkongo wa taifa, hadi nyaya za baharini, kisha huweka alama kila mahali ambapo njia ni moja tu. Mchoro huo huwa na alama nyingi kuliko walivyodhani.

Je, naruhusiwa kutumia akili mnemba kufanya kazi za darasani? Na je, haitachukua kazi zetu kabla hatujahitimu?

Hadi wiki ya nane hairuhusiwi, kwa sababu mtu hawezi kusahihisha kazi ambayo yeye mwenyewe hajui kuifanya. Baada ya hapo inaruhusiwa kwa masharti mawili: useme umeitumia wapi, na uweze kuueleza kwa mdomo kila mstari uliouwasilisha. Kuna mwanafunzi aliyewasilisha programu safi ya malipo ya wakulima iliyokata asilimia 5 kwenye kila mauzo. Nilipomuuliza makato hayo yameidhinishwa na nani, aliutazama mstari ule kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Zana kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, hujenga majibu kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyofundishiwa. Neno linaloelekea kufuata huwa sahihi mara nyingi, lakini halitiwi saini na mtu, wala hakuna mkulima anayeweza kwenda kuligongea mlango.

Kuhusu ajira, kazi ya kuandika mistari ya kawaida inapungua thamani, na sitamficha mwanafunzi jambo hilo. Kazi ya kuelewa tatizo la watu fulani mahali fulani, kuamua mfumo ufanye nini na usifanye nini, kuukagua na kuubeba mbele ya waathirika wake, inazidi kuwa nzito, na ndiyo tunayoifundisha.

Nikihitimu nitapata kazi wapi katika mikoa hii?

Hospitali na vituo vya afya vya umma vinatumia mfumo wa GoT-HoMIS wa kusimamia taarifa za wagonjwa na mapato, na kila kituo kinahitaji mtu wa kuuhudumia. Halmashauri zinakusanya ushuru kwa mashine za kielektroniki. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, pembejeo za ruzuku kama salfa hugawiwa kwa kufuata daftari la wakulima waliosajiliwa, na kwa hiyo vyama vikuu vya ushirika na vile vya msingi vinahitaji watu wanaojua takwimu, hasa kati ya Oktoba na Desemba msimu unapochanganya. Zipo pia bandari, viwanda, benki, kampuni za simu na shule.

Nafasi za kuajiriwa moja kwa moja si nyingi, na wahitimu wetu wengi huanza kwa mkataba wa msimu, kwa kujitolea, au kwa kufungua ofisi ndogo ya huduma. Kuhusu mradi wa gesi unaotarajiwa Likong'o, mkoani Lindi, nawashauri wanafunzi wajiandae kwa kazi zilizopo leo. Anayezimudu hizo hatakuwa mgeni wa hizo nyingine zikija.

Je, kuna leseni ya kufanya kazi hii, kama ilivyo kwa madaktari?

Hakuna leseni ya namna ile. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, ina utaratibu wa kuwasajili wataalamu, nasi huwasaidia wahitimu kuandaa maombi. Hilo ni jambo ninalolitilia mkazo sana darasani: kwa kuwa mlangoni pa taaluma hii hapana askari, mtu yeyote anaweza kuingia na kutengeneza mfumo wa malipo ya watu 3,000, kama nilivyoingia mimi nikiwa na majina matatu mkononi.

Ada ni kiasi gani, na maombi yanatumwa vipi?

Ada hutangazwa upya kila mwaka na ofisi ya udahili, na hulipwa kwa kontrol namba pekee. Usimlipe mtu yeyote kwa simu yake, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa chuo.

Siku ya kwanza nije na nini?

Njoo na daftari, kalamu, na stakabadhi moja ya zamani kutoka nyumbani: ya korosho, ya ufuta, ya mbaazi, ya maji au ya duka, ilimradi mwenye nayo amekuruhusu na amekata au kufunika jina lake. Tutakaa wawili wawili na kuisoma kila sehemu iliyoandikwa, tukijiuliza nani aliijaza, aliyapata wapi aliyoyajaza, na nani angeumia kama angekosea. Kompyuta zitawashwa siku ya pili.